Chupa ya Bwana Harusi

Mwembesongo, Morogoro
9 Februari 2025

Hapana, Mama mkubwa, mume wangu si mganga, na huyo aliyekuambia hivyo pale bombani akuombe radhi wewe kwanza, kisha aje kuniomba mimi. Shikamoo. Nimetanguliza hasira mbele ya salamu kwa sababu barua yako niliisomea sokoni Mawenzi nikiwa nimesimama, Severin wa gari la mboga akinishikia fungu la karoti, na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Sisi hatujambo. Kama lingekuwepo neno kubwa kuliko hatujambo ningelitumia. Vyumba vyetu ni viwili, pazia lile la bluu ulilotupa nimelitundika dirisha la barabarani ili kila anayepita ajue hapa pana bibi harusi. Asubuhi Laurenti akienda kazini, maabara ya Kihonda, hugeuka mara mbili kunitazama, mara ya kwanza mlangoni, mara ya pili kwenye kona ya fundi cherehani. Mimi sitoki kizingitini mpaka mara ya pili ipite. Uji wangu huungua kwa ajili hiyo, naye huunywa ulioungua na kusema ndivyo alivyouzoea kwao Turiani. Sijawahi kuona mtu anayedanganya kwa upendo namna hiyo.

Basi nikueleze ile chupa, maana siku ya harusi ngoma ilikuwa kubwa na hukusikia vizuri. Unasema amekudharau, kwamba mama wa bibi harusi hupewa blanketi na kitenge, naye akakuongezea chupa ndogo ya unga mweupe mbele ya wageni wote kama mtu anayekuja kuzindika nyumba. Mama mkubwa, ule unga ni kazi yake ya miaka miwili. Ndio wa kwanza uliotoka sawasawa. Hana kingine alichokitengeneza duniani kwa mikono yake, akaona kama ananichukua mimi kwako, akupe hicho.

Unaitwa zeolaiti. Anachoma pumba za mpunga kutoka Turiani mpaka majivu yawe meupe, anayachanganya na magadi makali ya maabara na vitu vingine ambavyo siwezi kuvitamka, anatia mchanganyiko kwenye kikombe cheupe cha plastiki ngumu, kikombe kinaingia ndani ya chungu cha chuma chenye kifuniko cha kukaza kwa spana, halafu vyote ndani ya oveni siku tatu. Kinachotoka ni fuwele ndogo ambazo jicho halizioni, kila moja ina vijitundu mwili mzima. Sasa sikiliza utamu wake. Ndani ya petroli mna minyororo midogo sana. Iliyonyooka kama fimbo ni mibaya, inafanya injini igonge. Ukiipitisha ikiwa ya moto kwenye unga ule, uliotiwa chembe ya platinamu, inatoka imepinda na kuota tawi, na hiyo ndiyo inayowaka kwa utulivu. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, ni umbo tu limebadilika. Aliponieleza nilimwambia hivyo ndivyo nilivyotoka kanisani tarehe nne Januari. Judith yule yule, umbo jingine. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini jana hakugeuka kwenye kona. Tangu tufunge ndoa unga umekataa. Mara tano ameupika, mara tano umetoka tope. Mkuu wake, Dakta Hashimu, amemwambia mbele ya wenzake kwamba labda haukuwahi kutoka, labda zile namba kwenye daftari zilikuwa za kuandikwa tu. Mume wangu, Mama mkubwa. Mtu ambaye akirudishiwa chenji iliyozidi hurudi dukani na mvua.

Mimi namsaidia ninavyoweza. Kihonda maji hutoka kwa zamu, kwa hiyo vikombe vyake huja navyo nyumbani na mimi humrudishia vinang'aa. Nijibu upesi.

Mwanao mwenye furaha na hasira,
Judith


Nyandira, Mgeta
27 Februari

Judith mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia siku ya kumi na moja, kwa kuwa barabara ilikatika pale kwenye kona ya mawe na kabichi za watu zikaozea njiani. Za kwangu nilikuwa sijazivuna. Maharage yameingia ukungu. Goti langu ni lile lile. Kwaya inafanya mazoezi ya Pasaka na sauti ya kwanza imeshikwa na yule yule asiyeweza kuishika.

Nimesoma habari za minyororo. Sikuielewa yote, ila nimeelewa kwamba unampenda. Hilo nilijua siku ulipomwaga chumvi kwenye chai ya padri ukimtazama yeye.

Mimi bado nasema unga ni unga. Nilimlea mtoto wa marehemu mdogo wangu miaka kumi na saba, na siku ya kumtoa wenzangu wa ukoo walikuwa wananitazama mkononi. Nikafungua leso, mna chupa. Mpaka leo wakinikuta njiani wananiomba dawa ya kuku.

Lakini huyo Hashimu naye asinizidi. Mkwe wangu asiitwe mwongo na mtu mwingine kabla mimi sijamaliza kumwita. Kama alizikubali namba mwaka jana na akawasimulia wageni, kama mkwe alivyotuambia kabla ya harusi, sasa anazikataa kwa mdomo upi?

Nina swali moja. Hivyo vikombe unavyoviosha, unaviosha kwa kitu gani, na kwa namna gani?

Mama yako mkubwa,
Genoveva


Mwembesongo
8 Machi

Mama mkubwa, shikamoo, na pole kwa kabichi na kwa goti. Nimekutumia dawa ya kuchua kwa mkono wa Severin, usimgawie jirani.

Hapa kila kitu kizuri kingekuwa kizuri zaidi kama wasingekuwepo watu. Juzi Laurenti aliniletea ua la mkarakara lililofungwa kwenye karatasi ya kuchujia ya maabara. Nimelibandika ndani ya Biblia. Usiku alikaa anakokotoa, na mimi nikahesabu mara alizoshusha pumzi.

Sasa nikuambie walichofanya, na kabla ya kukisoma kaa kwanza. Dakta Hashimu ameandika barua kwa kamati ya juu yao akisema kuna mashaka ya udanganyifu katika kazi ya fundi sanifu Laurenti. Udanganyifu, neno hilo ameliandika kwenye barua na mhuri juu. Kisha amechukua kichupa cha mwisho cha unga mzuri uliobaki, mwingine wote uliisha kwenye majaribio, akakifungia kabatini kwake kama ushahidi. Ushahidi wa nini, wakati yeye mwenyewe anasema haukuwahi kutoka? Laurenti alimwomba kijiko kimoja tu aulinganishe, akakataa.

Na saa ya chai, mbele ya wafagizi na madereva, akasema: "Huyu bwana tangu aoe kichwa kimebaki kitandani." Wakacheka. Laurenti aliponisimulia alijaribu kucheka pia, na uso ukamshinda. Nilitaka kwenda Kihonda pale pale na upawa mkononi. Yaani mimi ndiye nimekuwa aibu yake? Ndoa yangu ndiyo imeharibu kazi? Nimeshindwa kulala kwa neno hilo, Mama mkubwa. Mimi ninayemwamsha kwa nyimbo.

Kamati imempa nafasi moja. Tarehe tano Mei watafika, na kabla ya hapo ataachiwa oveni siku nne tu, chungu kimoja, shahidi akiwa amekaa, apike alichoandika kwamba anaweza kukipika kwa siku tatu. Akishindwa anaondolewa, na jina lake linapelekwa na neno lile. Hakuna maabara itakayomchukua tena. Ameanza kuniambia habari za kulima mpunga Turiani kana kwamba ni wazo zuri lililomjia.

Sampuli ya sita imesomwa kwa mashine ya eksirei chuoni. Safari hii si tope, ni fuwele, ila za aina nyingine, vijitundu vyake vidogo mno kupitisha chochote. Laurenti anasema hiyo ni mbaya kuliko tope.

Umeniuliza habari za vyombo. Wanamvua mume wangu jina na wewe unaniuliza vyombo. Naomba tu unijibu hili: ile chupa unayo bado?

Mwanao,
Judith


Nyandira
22 Machi

Judith,

Marahaba. Dawa ya goti inanuka kama dizeli lakini inafanya kazi. Ni Kwaresima, kwa hiyo ninajitahidi kutosema ninachofikiri juu ya Hashimu. Nimeshindwa mara mbili, mara moja nikiwa kanisani.

Chupa usiiulize.

Kaa nikusimulie jambo. Unamkumbuka mke wa mjomba wako Dominiko, yule wa kutoka mjini, msafi, aliyekuwa akifagia hata njia ya mbuzi? Mwaka alioolewa, bibi yako alikuwa na mtungi wa pombe ya mahindi uliopikiwa pombe tangu kabla ya mimi kubatizwa. Ndani ulikuwa na utando wa kijivu, mgumu kama ganda. Pombe ya mtungi ule ilikuwa ikichachuka siku ya pili, siku ya tatu watu wanacheza. Bibi alikwenda Matombo msibani. Aliporudi alikuta mtungi umelazwa juani, umesuguliwa kwa mchanga na majani makavu mpaka udongo wake ukaonekana mwekundu kama umetoka tanuri leo. Mkamwana amesimama pembeni anangoja asifiwe.

Bibi alipika pombe ile ile, kwa kimea kile kile. Siku ya tatu ilikuwa uji, ya sita ilikuwa uji, ya nane ikachacha kwa ubaya, ikawa siki. Wanaume wakasema bibi mkono umekufa. Bibi akanyamaza akawaacha waseme, kwa kuwa angesema neno moja ndoa ya Dominiko ingeishia pale. Ulipita msimu mzima mtungi ukajifunza upya.

Wiki ya harusi yako nilipokukalisha ndani kukufundisha, nilikuambia mke hujulikana kwa sufuria zake, sugua mpaka ujione. Kisha nikakuambia, isipokuwa. Ulikuwa unacheka na rafiki yako Shakila habari za viatu vya bwana harusi. Isipokuwa nini, Judith?

Swali langu la Februari hukulijibu.

Genoveva


Mwembesongo
30 Machi

Mama mkubwa,

Shikamoo. Isipokuwa mtungi wa pombe.

Nilisoma barua yako nikiwa jikoni, na vikombe vinne vya Laurenti vilikuwa vimepangwa dirishani juu ya kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe. Vinang'aa. Nilivitazama, nikakaa chini sakafuni.

Swali lako la Februari nililisoma na nikaliruka makusudi. Sikujua jibu lake lina nini, ila nilihisi lina kitu, kwa sababu wewe huulizi ovyo. Wiki ya kwanza ya ndoa vikombe vilipokuja nyumbani vilikuwa na ukoko mweupe kwa ndani, mwembamba, kama chumvi iliyokaukia. Niliona aibu kwa niaba yake. Nilisema moyoni, maskini, hakuwa na mke. Nikavisugua kwa stiliwaya na majivu, nikavichemsha, nikavisugua tena, na nilikuwa naimba. Mara zote sita nilikuwa naimba.

Nilimngoja mlangoni. Sikumpa hata maji. Nikamwambia, ule ukoko ndani ya vikombe, ulikuwa unautoa zamani? Akasema hapana, alikuwa anasuuza tu, maji ya Kihonda yenyewe yako wapi. Nikamsomea habari ya mtungi wa bibi. Alisimama na mkoba begani mpaka nikamaliza. Kisha akatoka nje akaenda akasimama kwenye pipa la maji, mgongo kwangu, muda mrefu. Nilifikiri hapo ndipo ndoa yangu inaishia, hata miezi mitatu haijatimia.

Aliporudi aliniuliza kitu kimoja. "Ulisugua kwa nguvu?"

Nikamwambia kwa nguvu zangu zote.

Akatoa daftari la mwaka juzi. Upishi wa kwanza kabisa uliofaulu, vikombe vikiwa vipya kutoka kwenye boksi, ulichukua siku kumi na moja. Uliofuata siku tano. Uliofuata tatu, na tatu, na tatu. Alidhani ni mkono wake umekuwa mwepesi. Kumbe kila upishi ulikuwa unaacha mbegu ukutani mwa kikombe, na fuwele mpya zikizikuta mbegu zinajua zijipange vipi. Mbegu zisipokuwepo, mchanganyiko unapapasa gizani, ama unabaki tope ama unashika umbo lingine. Anasema wasomi wanalijua hilo tangu zamani, hutia mbegu makusudi, ila yeye alikuwa hajui kwamba anatia. Hakudanganya. Aliandika kweli yote isipokuwa kweli ambayo hakuijua.

Nilitaka anikemee. Hakunikemea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alitaka aiandikie kamati kwamba vikombe vilisafishwa kupita kiasi, basi, asinitaje, ili Hashimu asipate la kuchekea. Nikakataa. Nikamwambia siku ya harusi uliandika jina langu kitabuni mbele ya padri, leo unalificha mbele ya Hashimu?

Basi jana nilikwenda Kihonda mwenyewe, na gauni nililovaa kwenye harusi ya Shakila, ili asiseme nimekuja kama mtumishi. Alikuwa uani na mafundi. Nilimsalimia kwa adabu zote, nikamwambia mimi ni mke wa Laurenti, mimi ndiye niliyesugua vikombe, na nikamweleza. Alinisikiliza anatabasamu. Kisha akawageukia mafundi.

"Mmesikia? Utafiti wa miaka miwili umeuawa na stiliwaya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa kicheko kile. Damu ikanipanda, Mama mkubwa, lakini sauti ikatoka taratibu kama yako ukiwa umekasirika kweli.

"Haukuuawa, umeonekana. Miaka miwili vikombe vina ukoko na wewe ndiye mkuu hapa. Uliwahi kuchungulia ndani hata siku moja?"

Fundi mmoja mzee akainamisha kichwa akawa anatafuta kitu chini ambacho hakijaanguka. Dakta akasema maneno ni maneno, kamati inataka unga, na kichupa cha kabatini hakitoki.

Hapo ndipo tulipofika. Siku kumi na moja za kuanza upya hatuna, tumepewa nne. Anahitaji mbegu, kijiko kimoja cha ule unga wa kwanza, na duniani kote, nje ya kabati la Hashimu, ulibaki kwenye chupa moja. Nakuomba, hata kama uliitupa niambie uliitupia wapi, nije nichambue udongo kwa chekecheke. Najua ilikuaibisha. Mimi pia nimemwaibisha niliyetaka kumpamba. Kama unayo, mpe Severin ailete.

Leo asubuhi aligeuka mara tatu. Ya tatu sikuwa naitarajia na nilikuwa nimeshika ndoo.

Mwanao,
Judith


Nyandira
9 Aprili

Judith mwanangu,

Marahaba, na mara nyingine marahaba kwa habari ya Kihonda. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa bombani, kwa sauti, mbele ya yule aliyesema mkwe wangu mganga. Alikumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni.

Mvua ni nyingi. Njegere zimependeza. Sauti ya kwanza amepewa Irene wa katekista, Mungu anasikia.

Sasa nami niseme langu, kwa kuwa umesema lako. Makosa ni ya watu wawili. Mtu akifundisha sheria na huku mwanafunzi anacheka viatu, anyamaze, asubiri kicheko kiishe, ndipo aseme isipokuwa. Mimi nilikuwa na haraka, wapishi walikuwa wananiita. Bibi yako asingefanya hivyo.

Chupa niliwaambia watu nimeitupa mtoni. Niliwaambia kwa hasira na wakaamini, na ukishaambia watu kitu cha namna hiyo huwezi kukitoa tena hadharani bila wao kukuuliza. Ipo. Imo ndani ya sanduku langu, imeviringishwa kwenye kanga ya marehemu mama yako, ile aliyokuzalia. Sikujua pengine pa kuiweka. Kitu ambacho mtu amekitengeneza miaka miwili hukiweki pamoja na chumvi.

Niliifungua mara moja. Nilionja kwa ncha ya ulimi nione kama ni dawa. Haina ladha yoyote. Mwambie Laurenti kilichopungua ni hicho tu, na uliobaki unatosha vijiko vitatu vya chai, nimepima kwa macho bila kugusa.

Severin hapewi. Kitu nilichopewa mkononi mbele ya ukoo hakitashuka mlimani juu ya magunia ya karoti. Nitakileta mwenyewe pindoni mwa kanga, na nitampa mkwe wangu mkononi, na wewe uwaite majirani wa Mwembesongo waone mama wa bibi harusi anavyorudisha. Kisha nitakwenda naye huko Kihonda siku ya kutia mbegu. Wana shahidi wao, na sisi tutakuwa na wetu. Huyo Hashimu nataka tu nimsalimie. Ataitikia mwenyewe.

Pasaka ni tarehe ishirini na siwezi kumwachia Irene kwaya peke yake. Jumatano inayofuata nitakuwa kwenye gari la kwanza, goti lipende lisipende. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimekaa kwako, chini ya pazia la bluu.

Usisugue kitu chochote mpaka nifike.

Mama yako mkubwa,
Genoveva